Mukate bila ngano: namna ya kupika mukate wa unga wa mihogo nyumbani



Somo la safari hii ni kwa ajili ya nyumba ambazo ziko na mihogo shambani, lakini kila asubuhi zinatoa franka kwa mukate wa ngano. Ngano karibu yote tunayokula katika inchi yetu inatoka inje. Katika mwaka 2022, wakati vita ilianza kati ya Urusi na Ukraine, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na mikate ya hapa kwetu ikawa midogo ao ya bei kali. Mukulima wa Walungu ao wa Uvira hana uwezo juu ya vita ile. Lakini ana uwezo juu ya mihogo yake.

Wamama wengi wamekwisha kujaribu kufanya mukate na unga wa mihogo peke yake. Wengi walipata kitu kizito kama jiwe, kikavu inje na kibichi ndani, wakaacha. Hakuna uchawi hapo. Mihogo ina desturi yake na ngano ina desturi yake. Tukijua tofauti, mukate utatoka vizuri.

Lakini kuko jambo moja ambalo ni kubwa kuliko mukate wenyewe: sumu ya mihogo. Tutaanza na ngano kidogo, kisha tutaingia katika sumu, kisha tutapika. Musiruke sehemu ya sumu.

1. KWA NINI NGANO INAVIMBA NA MIHOGO HAIVIMBI

Ndani ya ngano kuko protini fulani. Ukitia maji na kukanda, zinashikana na kufanya kitu kinachovutika kama mpira. Kitu hicho kinaitwa gluteni. Chachu (levire) ikikula sukari inatoa hewa, na gluteni inafunga hewa ile ndani ya vyumba vidogo vidogo. Ndiyo maana mukate wa ngano unavimba na kuwa mwepesi.

Unga wa mihogo hauna gluteni. Protini yake ni kidogo sana, sehemu kubwa ni wanga. Chachu itatoa hewa sawasawa, lakini hewa itatoroka kama maji katika kikapo. Kwa hiyo tunatafuta vitu vingine vya kushika hewa ile:

– Uji muzito wa mihogo yenyewe. Wanga ukipikwa na maji unakuwa kama gundi.
– Mayai. Yai likipigwa linashika hewa, na likiiva linakaza mukate usianguke.
– Unga wa soya. Unaongeza protini, nguvu ya chakula na rangi nzuri.

Kuna watu ambao kwao mukate bila gluteni si jambo la bei peke yake. Ni wenye ugonjwa wa seliaki: wakikula ngano, shayiri ao rai, utumbo wao mudogo unaumia na chakula hakiingii vizuri katika mwili. Mutu mwenye kuharisha kila mara na kukonda aende kwa muganga mbele ya kuacha ngano, kwa sababu akiacha kwanza, vipimo vinaweza kukosa kuonyesha ugonjwa. Na kama katika nyumba kuko mutu wa namna hiyo, musisage mihogo wala soya katika mashini ambayo imetoka kusaga ngano. Vumbi kidogo tu inatosha kumuumiza.

2. SUMU: MOTO WA MUKATE HAUITOSHI

Mihogo, zaidi ile ya uchungu, iko na kitu ambacho kinaweza kutoa sianidi, sumu kali. Kitu hicho kinakaa ndani ya seli za mihogo. Katika mihogo ileile kuko pia kichocheo kinachokivunja, lakini viwili hivi vinakaa mahali tofauti. Ukiponda, ukikwangua ao ukilowanisha mihogo mpaka inalainika, vinakutana, sumu inatoka katika maji na hewa, na chakula kinakuwa salama. Kazi hii inaomba maji na wakati.

Sasa musikilize vizuri. Moto mukali unaua kile kichocheo haraka, lakini kile kitu chenye sumu kinavumilia moto. Maana yake, kama unga haukutengenezwa vizuri, kuuweka katika furu hakuuponyi. Mukate utaonekana muzuri, utanukia vizuri, na sumu itakuwa ndani.

Wakati wa njaa ao wakati bei ya kosete iko juu, kuna watu wanapunguza siku za kulowanisha kutoka tatu mpaka moja. Matokeo tunayajua katika inchi yetu. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mutu analala muzima, na gafla miguu yote miwili inakaza, hawezi tena kutembea kama zamani. Unapata zaidi watoto na wamama vijana. Haupone. Umeonekana Kwango na Kwilu, na hata hapa Kivu ya Kusini. Unakuja pahali watu wanakula mihogo ya uchungu isiyotengenezwa vizuri, siku nyingi, bila chakula chenye protini ya kutosha. Mwili unatumia protini kuondoa sumu. Kwa hiyo nyumba yenye sambaza, ndagala, maharagwe na mayai inajilinda zaidi kuliko nyumba ya mihogo peke yake.

Njia mbili za kupata unga salama:

A. Mihogo ya uchungu: kulowanisha
Menya, kata vipande, osha. Lowanisha ndani ya maji siku 3 mpaka 4. Katika tambarare ya Ruzizi joto linasaidia. Juu milimani maji ni baridi, na siku zinaweza kuongezeka. Musihesabu siku peke yake: finya kipande na vidole. Kama kinavunjika chote mpaka katikati bila nguvu, kiko tayari. Kama katikati ni kigumu, rudisha. Kisha toa nyuzi, osha tena na maji safi, kamua, anika juani juu ya turubai safi mpaka kikauke kabisa, saga, chekecha.

B. Mihogo tamu: kukwangua na kukamua
Hii inatoa unga mweupe usionuka, na ndiyo muzuri zaidi kwa mukate. Chimbua asubuhi. Menya, osha, kwangua yote (raspe ya bati lenye matundu inatosha). Tia katika gunia safi, weka mawe mazito juu, kamua mpaka maji yaishe. Vunjavunja na mikono, tandaza nyembamba juani siku ileile. Ikikauka mpaka inalia mukononi, saga na uchekeche. Kutoka kuchimbua mpaka kuanika isipite siku moja, la sivyo itachacha na kunuka.

Njia B ni kwa mihogo ambayo munajua kweli kuwa ni tamu. Na mujue kwamba jua kali la muda mrefu linaongeza sumu hata katika mihogo tamu. Kama mihogo yenu ya kila mwaka imekuwa na uchungu mwaka huu, mufuate njia A.

Maji ya kukamua yana sumu. Musiyamwage katika kijito wala katika bwawa la samaki, na mbuzi wasiyanywe. Mbuzi wasipewe maganda mabichi pia: muyaanike kwanza.

Kama munanunua unga sokoni na hamujui ulivyotengenezwa, kuko njia ya kuongeza usalama, iliyotumiwa vizuri na wamama wa Popokabaka, Kwango. Tia unga katika bakuli, sawazisha, weka alama pale unafika. Tia maji ukikoroga: unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Tandaza unga ule wenye maji juu ya sahani pana, unene usipite sentimetre 1, masaa 2 juani ao masaa 5 kivulini. Sumu iliyobaki inatoka katika hewa. Upike siku ileile, na upunguze maji ya kupikia. Njia hii ni nyongeza. Haichukui nafasi ya kulowanisha.

3. VITU VYA LAZIMA (mukate 1 mukubwa ao 2 midogo)

– Unga wa mihogo uliochekechwa vizuri: gramu 400
– Unga wa soya: gramu 100
– Mayai: 3
– Chachu kavu: vijiko 2 vya chai
– Sukari: vijiko 2 vya supu
– Chumvi: kijiko 1 cha chai
– Mafuta: vijiko 3 vya supu
– Maji: karibu nusu litre, mapya na safi

Soya isisagwe mbichi. Soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini, na mukate utakuwa na ladha ya majani. Chemsha soya dakika 30, sugua utoe maganda, anika mpaka ikauke, kisha saga. Kama hakuna soya, mutumie unga wa mahindi gramu 100, lakini mukate utakuwa na nguvu kidogo kwa watoto.

4. HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Gundi. Toa gramu 50 katika ule unga wa mihogo (vijiko 5 ao 6 vya supu vilivyosawazishwa). Koroga katika mililitre 300 za maji baridi mpaka hakuna madonge. Pika kwa moto mudogo ukikoroga bila kuacha, mpaka uwe uji muzito unaongaa. Toa motoni. Acha upoe mpaka unaweza kutia kidole bila kuungua. Ukiwa wa moto sana utaua chachu na kuivisha mayai.

Hatua ya 2: Amsha chachu. Katika nusu kikombe cha maji ya vuguvugu tia sukari na chachu. Ngoja dakika 10. Kama povu haipandi, chachu imekufa: usiendelee nayo, tafuta ingine.

Hatua ya 3: Piga mayai. Dakika 5 na uma, mpaka yawe na povu nyingi. Musifanye uvivu hapa, povu ile inachukua kazi ya gluteni.

Hatua ya 4: Changanya. Katika beseni tia unga wa mihogo uliobaki, soya na chumvi. Ongeza uji uliopoa, chachu na mafuta. Changanya na mwiko mpaka vishikane. Mayai yaingie mwisho, polepole, povu isivunjike yote. Ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Unga wa mukate huu haukandwi kama wa ngano. Inatakiwa uwe laini: ukiinua mwiko, uanguke polepole kwa uzito wake. Kama unaweza kuufinyanga duara mukononi, ni mukavu sana, ongeza maji.

Hatua ya 5: Kuvimba. Paka mafuta katika chombo cha kupikia (kopo pana ao sufuria ndogo). Mimina mpaka nusu ya chombo, si zaidi. Sawazisha juu na kijiko chenye maji. Funika, weka mahali pa joto dakika 45 mpaka 60. Ukiona umeongezeka karibu nusu ya ulivyokuwa, peleka motoni mara moja. Mukiungojea ukue mara mbili kama ngano, utaanguka, kwa sababu hakuna gluteni ya kuushika.

Hatua ya 6: Kupika. Dakika 45 mpaka 50. Choma katikati na kijiti chembamba: kikitoka kikavu, umeiva.

Hatua ya 7: Kupoa. Toa katika chombo, acha upoe saa 1 nzima mbele ya kukata. Watoto watalia, lakini mukate wa mihogo ukikatwa wa moto unashikamana na kisu kama bugali.

5. FURU BILA FURU

Chukua sufuria kubwa ya zamani yenye mufuniko muzito. Tia muchanga mukavu ndani, unene wa vidole vitatu. Iweke juu ya mbabula, funika, acha ipate moto dakika 20. Chombo cha mukate kinakaa juu ya muchanga, kisiguse pembeni. Funika, na uweke makala yenye moto juu ya mufuniko pia. Moto wa chini uwe kidogo kuliko ule wa juu, kwa sababu muchanga unashika joto muda mrefu.

Kupima joto bila chombo: mbele ya kuweka mukate, tia unga kidogo juu ya kipande cha bati, uweke ndani, funika dakika 5. Ukiwa rangi ya kahawa nyepesi, joto ni sawa. Ukiwa mweusi, toa makala. Ukibaki mweupe, ongeza.

Mupikie inje ao mahali penye hewa. Moshi wa makala katika nyumba iliyofungwa unaua. Na kwa kuwa makala ni bei, nyumba mbili ao tatu zipange siku moja, mikate ifuatane wakati muchanga ungali na moto.

6. MUKATE UNASEMA NINI

Katikati ni kibichi na kunata: moto wa inje ulikuwa mukali, ao mulikata mbele haujapoa. Punguza makala, ongeza dakika.

Muzito, haukuvimba: unga ulikuwa mukavu, chachu imekufa, ao mayai hayakupigwa vya kutosha.

Ulivimba kisha ukaanguka: ulingoja sana, ao maji yalikuwa mengi.

Unapasuka sana juu: maji kidogo, ao joto la juu limekuja haraka.

Una mchanga mudomoni: unga haukuchekechwa, ao ulianikwa kando ya barabara.

Una harufu kali ya kuchacha: kosete hazikuoshwa nyuma ya kulowanisha, ao zilikauka polepole wakati wa mvua. Harufu ya kulowanisha peke yake si ubaya, lakini unga wenye ukungu wa kijani, mweusi ao wa manjano haufai kwa mutu, hata ukichekechwa.

Una uchungu: musiule. Unga ule haujatengenezwa. Lakini mujue pia kwamba ulimi hauoni sumu yote. Unga usio na uchungu unatakiwa vilevile kuwa umepita njia A ao njia B.

Mukate huu unakauka haraka kuliko wa ngano. Ukuliwe siku ya kwanza ao ya pili. Vipande vya siku ya pili vikaangwe kidogo juu ya sufuria kavu, vitalainika tena.

7. HESABU MBELE YA KUUZA

Wamemba wengine watauliza: tunaweza kuuza? Chukueni kalamu. Andikeni bei ya kila kitu kwa mukate mumoja: unga (kwa bei ambayo mungeuuza sokoni, hata kama umetoka shambani kwenu), soya, mayai, chachu, sukari, mafuta, makala, na kusaga. Ongezeni kitu kwa masaa ya kazi. Jumla ile muilinganishe na bei ya mukate wa ngano wenye uzito uleule. Musilinganishe kwa macho, tumieni mizani.

Mara nyingi mayai na makala ndivyo vinakula faida. Nyumba yenye kuku itapata hesabu tofauti na nyumba inayonunua yai. Kama hesabu haitoi faida, mukate ubaki chakula cha nyumbani, na koperative iuze unga mweupe wa njia B. Hakuna haya katika hiyo.

Na kama munauza, mulinde jina lenu. Mutu mumoja akileta unga uliolowanishwa siku moja na ukachanganywa na wa wengine, hakuna atakayeweza kuutenga tena. Kwa hiyo kila gunia likubaliwe mbele ya kuchanganya, si nyuma: nani alitengeneza, njia gani, alianza siku gani, alimaliza siku gani. Daftari moja na mutu mumoja wa kuaminiwa vinatosha. Kamati ikatae gunia lisilo na majibu, hata kama ni la prezida wa koperative.

8. MASWALI YA KUZUNGUMUZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu watu wanalowanisha mihogo siku ngapi leo? Na wakati wa njaa?
2. Ni mihogo gani tunajua ni tamu kweli, na nani alituambia?
3. Kwa nini furu haiwezi kutengeneza unga mubaya?
4. Nani kati yetu yuko na kuku, nani yuko na soya, nani yuko na raspe? Tunaweza kuungana namna gani?

Kazi ya nyumbani: kila kikundi kipike mikate miwili siku ileile, mumoja na uji wa gundi, mwingine bila uji, vitu vingine viwe sawasawa. Muikate katikati, muiweke kando kwa kando, na kila mutu aangalie mwenyewe. Mutuandikie matokeo, hata kama hayakuwa mazuri, pamoja na namna mulivyotengeneza unga. Tutayasoma pamoja katika mukutano wa koperative.

Na kama katika kijiji chenu kuko mutoto ao mama ambaye miguu yake imekaza gafla, musingoje mukutano. Mumupeleke kwa kituo cha afya siku ileile, na siku ileile muangalie unga uliobaki katika nyumba yake na katika nyumba za jirani.